Gari Lililochukuliwa kwa Msiba

Kaka yangu alinunua gari aina ya Noah kwa mkopo. Alibeba abiria kutoka kwetu Mpepai kwenda Mbinga mjini, na siku za samaki aliteremka hadi Mbamba Bay. Mtu wa kampuni iliyomkopesha alimwambia, "Nyie wakulima wa kahawa mtalipa kwa msimu." Baadaye wakataka rejesho kila mwezi. Kahawa ilikuwa bado mtini, kaka akachelewa, simu za vitisho zikaanza.

Asubuhi moja walikuja wanaume wawili tusiowajua. Walimwamkia mama shikamoo, wakakaa chini kwenye mkeka ingawa viti vilikuwepo.

"Mama, tumefiwa," alisema mmoja. "Maiti yuko hospitali mjini, tunampeleka Liparamba. Tumeambiwa hapa kuna gari."

"Poleni sana, wanangu," mama akasema.

Kaka alitaka kuwaendesha mwenyewe. Walisema dereva wanaye, ni mdogo wake marehemu, anataka kumsindikiza kaka yake kwa mkono wake. Kwetu mtu mwenye msiba haulizwi maswali mengi, wala hatajiwi nauli. Kaka akawapa funguo. Mama alitoa debe la mahindi kwa ajili ya chakula cha waombolezaji, nami nikalipakia nyuma ya gari.

Jioni kaka alipiga namba ya simu waliyomwachia. Aliyepokea alicheka. "Gari liko kwa wenyewe, bwana. Lipa deni lako."

Tulifungua kesi Mbinga. Kaka alidai gari lirudishwe, kwa sababu alidanganywa kwenye mkopo na akadanganywa tena kwenye kulichukua. Shahidi wake nilikuwa mimi. Niliishia darasa la saba, na mbele za watu sauti yangu hupotea. Hakimu aliniambia mara kadhaa niongeze sauti.

Wakili wa kampuni alikuwa mpole.

"Walimpiga kaka yako?"

"Hapana."

"Walimtishia siku ile?"

"Hapana. Walisema wana maiti."

"Jibu ninachokuuliza. Funguo alizitoa nani?"

"Kaka."

"Na mahindi, nani aliyapakia?"

"Mimi."

Akamgeukia hakimu. "Mheshimiwa, huu wizi wa ajabu. Mtu anaibiwa gari, anamfungashia mwizi na mahindi!"

Watu walicheka. Hata karani alicheka. Nilitaka kueleza mahindi yale yalikuwa ya nini, lakini maneno yalinijia kwa Kimatengo tu, na nilipoyapata kwa Kiswahili nilikuwa nimeshaambiwa nishuke.

Hakimu alisema uongo wa msiba si jambo la kiungwana. Ila deni lilikuwepo, na gari lilitolewa kwa hiari. Tena lilikuwa limeshauzwa kwa mnada, na bei yake haikumaliza deni. Kilichobaki kaka alipe.

Nje nilimuuliza, "Kaka, nimekuharibia?"

"Umesema ilivyokuwa," alijibu. Hakuniangalia.

Msimu ule tulichuma kahawa tangu matawi ya chini hadi ya juu, na yote ikaenda kwenye deni la gari ambalo mtu mwingine analiendesha. Kaka hakwenda kuiuza, alikwenda mama. Akija mgeni nyumbani, hata awe na machozi, kaka hutokea mlango wa nyuma akaenda shambani, akakaa huko mpaka mgeni aondoke.