Mstari wa Mama Sofia: nilivyofundisha kuchora ramani za nyumba kijijini, enzi za Ujamaa

Wakuu, kuna sauti sijaisahau mpaka leo: vijiti vikavu vikivunjwa gotini. Kwa! Kwa! Kila alfajiri, ng'ambo ya ukuta niliolalia.

Habari zenu humu. Wadogo, marahaba nimeshaitika kabla hamjaniamkia.

Nimeona vijana wanaosoma interior design wakilia kwamba drafting, yaani kuchora ramani, inawatesa, nikacheka peke yangu. Nami niliwahi kuifundisha, tena Singida, kijijini. Haya yalinitokea mwenyewe. Aliyekuwepo upande wa Mungaa miaka ile anaruhusiwa kunibishia.

Nilikuwa binti wa darasa la saba na kozi fupi ya maarifa ya nyumbani. Ndoto nilikuwa nazo nyingi kuliko magauni.

Nikapangiwa kufundisha akina mama kupanga nyumba ndani: kitanda kikae wapi, mwanga uingilie wapi, moshi utokee wapi. Lakini nyumba zenyewe zilikuwa hazijajengwa, watu ndio kwanza wanahamia kijiji kipya. Ikabidi tuanze na kuchora ramani.

Karatasi zilikuwa za kaki, za kufungia sukari, nilipewa na mama mmoja wa Kihindi mwenye duka mjini. Rula tulizikata kwenye mbao za sanduku la chai.

Siku ya kwanza nilichora mstatili ubaoni nikasema, hii ni nyumba. Wakaniangalia kwa huruma.

"Paa liko wapi, mwalimu?"

Kila mmoja alichora nyumba anavyoiona akiwa amesimama uani. Nikaeleza mpaka koo likakauka, wapi!

Mwisho nikawapandisha juu ya tembe. Kwa msiozijua, ni nyumba zetu za zamani za udongo, paa lake bapa, unasimama juu na mtama unaanikwa huko huko. Jirani palikuwa na nyumba mpya yenye kuta tu, haijaezekwa. Nikawaambia waichungulie kutoka kule juu.

Wakainama, wakachungulia. Halafu Mama Juma, mchekeshaji wa darasa, akapiga kigelegele. "Kumbe ndiyo hii! Chumba, chumba, mlango!"

Kuanzia hapo ramani zikanyooka.

Sasa turudi kwenye vijiti. Nilikuwa nikilala kwa mwanafunzi wangu mmoja, Mama Sofia. Aliishi na mama yake mzazi, sote tukimwita Bibi. Macho ya Bibi yalikuwa yamezimika zamani, ila aliyekuwa akivunja kuni alfajiri ni yeye. Kwenye tembe vyumba vinafuatana, basi alishika ukuta toka kitandani hadi jikoni, akawasha moto wake, akakoroga uji. Sisi wenye macho alituuliza, "Mmelala mpaka saa hizi, mnaumwa?"

Nyumba mpya zilikuwa na ramani moja kwa wote, na jiko lilijitenga, ng'ambo ya ua.

Bibi aliposimuliwa akauliza, "Hapo katikati nitashika nini? Upepo?" Akasema hahami. Na tembe lilikuwa libomolewe baada ya mavuno. Mama Sofia akaanza kukonda huku tunamwona.

Zoezi la mwisho darasani lilikuwa kila mmoja achore nyumba yake mpya na atakavyoipanga. Nilishawafundisha kwamba kila mstari uwe na kazi. Usioweza kuutajia kazi, ufute.

Karatasi ya Mama Sofia ilikuwa na nyumba, jiko, na mstari mmoja umekatiza ua. Wenzake wakacheka.

"Shoga, mpaka kamba ya kuanikia nguo umeichora?" Mama Juma huyo.

Nikamuuliza, "Mstari huu ni nini, Mama Sofia?"

"Ni mama."

Akaeleza taratibu: ukuta mfupi, wa kiunoni, toka mlango wa nyuma mpaka jikoni. Wa kushika.

Tukaenda sote kwa mwenyekiti wa kamati ya ujenzi, Mzee Hamisi. Tukampa shikamoo zake. Akaigeuza karatasi huku na huku.

"Binti, ramani imetoka wilayani. Leo mnataka ukuta, kesho mwingine ataniambia nimchoree zizi sebuleni."

Watu wakacheka. Mimi machozi yalikuwa hapa. Nikamwomba aje tu kiwanjani, nimwonyeshe ukuta kwa ukubwa wake halisi.

Tukachomeka vigingi, tukavuta kamba pale ulipopita ule mstari. Bibi akaletwa ameshika mkono wa binti yake. Alipoigusa kamba akamwachia binti, akatembea peke yake mpaka kwenye vigingi vya jiko. Akasimama.

"Mwenyekiti, njaa siiogopi. Naogopa kukaa kitandani nikingoja nani atakumbuka kuniwashia moto."

Mzee Hamisi akakohoa. "Tofali atafyatua nani?"

"Sisi!" Darasa zima.

"Basi usizidi kiuno. Na wa wilayani wakija kuuliza, mtawajibu ninyi, mimi nitakuwa nimeenda kuchunga."

Tofali tukazifyatua, ukuta tukaujenga, huku Mama Juma akituimbia nyimbo za harusi kwa Kinyaturu.

Nyie mnaolia na drafting, nilichojifunza mimi ni hiki: mteja akikuletea mstari usiouelewa, muulize kwanza ni wa nani. Kifutio kipo tu, hakikimbii. Na humu ndani, kama kwenu kuna ukuta, ngazi au dirisha lililowekwa kwa ajili ya mtu mmoja tu, hebu tusimulieni hapo chini, nitasoma zote.

Wale waliohamishwa wakilia pia nawakumbuka, walikuwepo, siwezi kuwaficha. Bibi wetu huyu alihama kwa miguu yake.

Siku moja kabla hajahamia, wenzangu wote walikuwa shambani. Nikachukua karai la udongo laini, nikaenda kwenye ule ukuta. Nilipitisha kiganja juu yake toka mlangoni mpaka jikoni. Kila nilipokwaruzwa nikachomoa kijiwe, nikakandika, nikalainisha, nikapitisha kiganja tena.