Nyasi za Mumbuni

Juma lililopita kamati ya mtaa wetu hapa Syokimau ilituma ujumbe kwenye simu za wenye nyumba wote. Kuanzia mwezi ujao, ulisema, hakuna mtu kuanika nguo kwenye roshani za mbele, kwa sababu wageni wanaopita getini wanapata picha mbaya. Majirani walijibu kwa shukrani nyingi. Mimi nilisikia kichefuchefu, kile nilichokijua nikiwa na miaka kumi, na ikabidi niketi kwenye ngazi mpaka kipite. Wewe unanijua, si mtu wa kuvimba kwa ajili ya kamba ya nguo. Basi acha nikueleze kichefuchefu hicho kilikotoka.

Tulihamia Mumbuni katikati ya miaka ya tisini, baba alipopandishwa cheo ofisini kwao mjini Machakos. Kabla ya hapo tulikuwa na vyumba viwili nyuma ya maduka, na tulikula sote kwenye sinia moja, magoti yakigusana. Nyumba mpya ilikuwa na geti jeusi, vyumba vitatu vya kulala, na sebule ambayo hakuna aliyeruhusiwa kukaa. Sofa zilibaki na plastiki zake za dukani. Siku za jua, ukikalishwa pale kwa sababu ya mgeni, plastiki ilikunasa mapajani, na ukiinuka ilikuachilia kwa sauti kama ya plasta inayobanduliwa kwenye kidonda. Kabati la vioo lilijaa vikombe vyenye maua ya dhahabu. Sisi tulinywea chai vikombe vya plastiki, jikoni, tukiwa tumesimama.

Juu ya paa palikuwa na dishi la televisheni, kubwa kuliko karai la kuogea. Baba alinunua dishi kwanza, televisheni na mengine yangefuata. Hayakufuata. Waya wake uliishia darini, na nyumbani nilifundishwa kuwaitikia wenzangu wa shule wakisimulia vipindi vya jana. Mama naye, tukipika sukuma wiki tupu, alianza kwa kukaanga vitunguu na bizari dirishani, ili harufu ivuke ua hadi kwa mke wa kontrakta, jirani yetu. Wakati ule nilicheka. Sasa nikisikia harufu ya bizari kwenye mafuta moto, nafungua madirisha.

Huyo mke wa kontrakta ndiye aliyeleta nyasi. Zilikuja kwa lori kutoka Nairobi, zimeviringishwa kama mikeka, na wafanyakazi walizitandaza mbele ya nyumba yake siku moja tu. Mama alisimama kwenye ua akitazama, mikono kiunoni. Kabla ya mwezi kuisha nasi tulikuwa na zetu. Kazi ya kuzimwagilia ilikuwa yangu, kila jioni, kwa mpira wa maji uliotoka kwenye tanki la saruji. Sitakudanganya, niliipenda kazi ile. Niliziba mdomo wa mpira kwa kidole gumba mpaka maji yakatawanyika kama vumbi, na udongo ukatoa ile harufu ya mvua ya kwanza.

Halafu mvua yenyewe ikakataa. Mifereji ya mtaa ilikohoa upepo, ikanyamaza. Wanawake wa upande wa chini walianza kupita na mitungi, wakigonga mageti.

"Waambie maji yameisha," mama aliniagiza.

Niliwaambia kupitia tundu la geti, mpira ukiwa mkononi mwangu, ukichuruzika.

Wakati huohuo bibi alikuja kutoka Kangundo. Kikwetu tulimwita susu. Alikuwa mama mzazi wa mama, na mama, wakiwa wawili tu, alimwita mwaitu, yaani mama yangu. Macho yake yalikuwa yameingia ukungu mweupe. Daktari mjini alisema ni mtoto wa jicho, jambo la kupasuliwa na kurudi nyumbani, akampangia siku wiki mbili mbele. Susu alifika na kiondo cha maparachichi na ndizi, nguo zake zikinuka moshi wa kuni na maganda ya kahawa. Alipewa chumba cha nyuma, palipowekwa magunia ya makaa. Mama alisema ni kwa sababu kiko karibu na choo.

Hakulalamika. Mchana alichambua maharagwe kwa vidole, na alijua maziwa yanataka kufurika kabla sisi wenye macho hatujaona. Jioni moja alikaa mlangoni akisikiliza maji.

"Unamwagilia mboga?" aliniuliza.

"Nyasi, susu."

"Mmenunua ng'ombe?"

"Hapana."

Alifikiri kidogo. "Sasa zitaliwa na nani?"

Nilicheka tena. Nilikuwa mtoto wa kucheka sana.

Jumamosi iliyofuata ilikuwa zamu ya mama kukaribisha wanawake wa chama chake cha akiba, kwa mara ya kwanza nyumbani kwetu. Viti vyeupe vilikodishwa, vikapangwa juu ya nyasi. Palikuwa na pilau, kuku, chapati laini, na vile vikombe vya dhahabu vilitolewa kabatini, tukafuta vumbi ndani yake. Mimi nilivishwa soksi zenye lesi. Asubuhi mama aliingia chumba cha nyuma.

"Mwaitu, leo pumzika huku," alisema. "Huko mbele jua ni kali."

"Sawa," susu alijibu.

Wageni walikuwa katikati ya pilau geti lilipogongwa. Mama alinitupia jicho, nami nikajua la kusema. Lakini susu alikuwa ametangulia. Alikuja kwa njia ya pembeni, kiganja kikifuata ukuta, kitambaa chake cha kichwa kimefifia rangi. Alivuta komeo. Nje walisimama wanawake saba, wawili wana watoto mgongoni. Aliwasalimu kwa Kikamba, akawauliza wametoka mbali kiasi gani.

"Maji yapo," aliwaambia. "Ingieni."

Wakaingia. Walivua viatu, jambo ambalo wageni wetu hawakulifanya, wakavuka nyasi katikati ya viti vyeupe, wakitazama chini. Susu aliwatangulia hadi tanki, akafungua mfereji. Maji yaligonga sakafu ya mtungi wa kwanza kwa kishindo. Wageni waliacha kutafuna.

"Huyu mama ni nani?" mke wa kontrakta aliuliza.

Mama alicheka. "Ni mama fulani anatusaidia hapo jikoni. Ametoka ushago juzi, bado hajazoea."

Mke wa kontrakta hakuridhika. Alinigeukia mimi, niliyesimama na sinia la chapati. "Mbona mnafanana hivi, mrembo? Si huyu ni susu yako?"

Nilimtazama mama. Alikuwa akinyoosha kisahani kilichokuwa kimenyooka.

"Hapana," nikasema. "Ni wa kazi."

Susu alikuwa hatua nne kutoka kwangu. Macho yake yalikuwa mabovu, masikio hayakuwa na kasoro. Hakugeuka. Alingoja mtungi wa saba ujae, akafunga mfereji vizuri usidondoke, akawaaga wanawake wale mpaka wa mwisho akatoka.

Kisha alifanya jambo ambalo mpaka leo sijui kulibeba. Alikuja kwenye viti akiwa ameinamisha kichwa, akasema kwa Kiswahili chake cha polepole, "Habari zenu, wageni. Karibuni chakula." Akaanza kukusanya sahani, akipapasa ukingo wa kila moja asije akaangusha mifupa. Mke wa kontrakta alimpa sahani yake bila kumtazama, akiendelea na hadithi. Susu aliingia jikoni, akarudi na jagi na beseni na taulo begani, akawanawisha mikono mmoja mmoja, kwa mpangilio wa viti. Alipofika kwa mama alisimama. Mama alinyoosha mikono. Susu akammwagia maji.

Niliona kwamba mama hakuirudisha mikono. Mate yalinijaa kinywani. Nilikimbilia nyuma ya tanki nikatapika chapati zote nilizokula, nikavua soksi moja nikapangusa mdomo kwa lesi yake.

Wageni walipoondoka, jua likiwa bado juu, mama alikwenda chumba cha nyuma. Nilisimama nje ya mlango.

"Mwaitu, sikuwa na njia," alisema.

"Wageni wako wameshiba?"

"Wameshiba."

"Basi ni vizuri."

Kesho yake tukijiandaa kwenda kanisani, susu alikuwa ameshafunga kiondo. Mama alimfungia pilau kwenye bakuli. Alipokwisha kuondoka tulilikuta juu ya gunia la makaa, kifuniko hakijaguswa. Siku ya hospitali ilifika ikapita. Baba alitumwa Kangundo kumchukua, akaambiwa atakuja baada ya kuvuna. Mavuno mengi yalikuja yakapita. Macho yakafungika kabisa. Mwezi mmoja tu baada ya Jumamosi ile tanki letu lilikauka, na nyasi zikawa za kijivu, kisha zikawa vumbi. Mke wa kontrakta naye zake zilikufa juma hilohilo.

Susu aliishi gizani miaka tisa. Alipofariki, mama aliamuru ukuta wa mbele wa nyumba yake upakwe rangi ya maziwa, kwa kuwa watu wa Mumbuni wangekuja na magari. Kuta tatu nyingine zilibaki udongo. Jeneza lilikuwa na dirisha la kioo, viti vilifungwa riboni za zambarau, na mtu wa video alituomba tulie tena kwa sababu mara ya kwanza jua lilikuwa limeingia kwenye kamera yake. Wengine walilia tena. Mama hakuweza. Alimtazama yule mtu, akatembea hadi nyuma ya nyumba, akaegemea ule ukuta usiopakwa, na nguo yake nyeusi ikachafuka mgongo mzima. Nilitaka kumfuata. Sikumfuata.

Leo mibuni yote ya susu imeng'olewa na kiwanja kimeuzwa vipande. Lakini si mibuni ninayoikosa. Kabla ya Jumamosi ile, likizo zangu zote Kangundo zilikuwa za kutumwa na kugombezwa. Lete kuni. Mbona umemwaga uji? Nani alikufundisha kufagia hivi, kama unachora? Alinipiga vidole kwa mwiko nikidokoa nyama, na kabla sijamaliza kununa alinipa kipande.

Nilirudi kwake mwaka uleule, likizo ya Desemba. Nilikuwa nimejiandaa. Njiani nilipanga maneno ya kuomba msamaha, na nilitaka anigombeze mpaka achoke, ndipo niyaseme. Aliitambua sauti yangu mlangoni. Alipapasa ukutani, akavuta kiti kimoja kilichokuwa na mto, akakipangusa kwa upande wa leso yake. Nikainuka nikachote maji, akanizuia kwa upole. Aliita mtoto wa jirani akachote yeye. Aliniletea beseni, akaninawisha mikono, akanihudumia wa kwanza.

"Keti, mgeni wetu," alisema. "Usijichafue."

Hakunituma tena kitu chochote mpaka alipokufa.