Bonasi ya Chai na Skrini ya Kisii

Eucabeth Mogire hupiga na kuhariri video za harusi na mazishi kutoka Nyamira hadi Nyamarambe, na kwa miaka mingi alikuwa na njia yake ya kusawazisha rangi. Aliweka laptopu karibu na dirisha, akaitazama michai ya mama yake nje, kisha akavutavuta rangi mpaka chai ya kwenye picha ifanane na ile ya shambani. Wateja walimsifu. Mkulima wa chai akionyeshwa harusi ya mwanawe, macho yake hukimbilia kwanza shambani, nyuma ya bibi harusi.

Laptopu ilipoanza kuzimika katikati ya kazi, mama yake, Nyanchoka, alimwahidi bonasi yote ya chai, malipo ya mwaka kutoka kiwandani. Pamoja na akiba ya Eucabeth, ilitosha kununua kompyuta ya kazi mara moja tu. Wakikosea, wangengoja bonasi nyingine, na harusi za Desemba zingeenda kwa wengine.

Waliingia pamoja katika duka la Janki mjini Kisii. Eucabeth alishapanga: kadi ya grafiki yenye nguvu kuliko zote, kisha skrini yoyote ya bei rahisi.

"Hiyo kadi ni bei ya ng'ombe," mama akasema.

"Ni ng'ombe wa maziwa, mama. Itatoa video haraka."

"Ng'ombe wa maziwa nawajua. Huyu hata mkia hana."

Janki akacheka. "Mama, ukitaka kazi hapa niambie." Akachomeka flashi ya Eucabeth kwenye kompyuta yenye kadi hiyo na skrini ya wahariri, ambayo rangi zake zimepimwa ziwe sahihi, ili waone kadi inavyokimbia.

Video ya harusi ya Lavender, mteja wake mmoja, ikaanza. Chai ilikuwa na ubuluu kama sare ya shule. Bibi harusi, wazazi na kwaya nzima walikuwa na nyuso za kijivu, kama watu waliotolewa kwenye maji baridi. Lavender aliwahi kupiga simu akilalamika kwamba wote wanaonekana wagonjwa. Eucabeth akamwambia arekebishe televisheni yake.

"Skrini yako imeharibika," mama akamwambia Janki.

"Tuweke ile video ambayo sijaigusa rangi," Eucabeth akasema polepole.

Ilikuwa asubuhi moja shambani kwao Itumbe, baada ya mvua, mama akichuma. Video ikafunguka. Kijani hakikuwa kimoja. Kulikuwa na cha chipukizi, kinachokaribia manjano. Cha majani makuukuu, kizito karibu na weusi. Na kingine kati yao ambacho Eucabeth, aliyekulia ndani ya chai, hakuwa na jina lake kwa Kiswahili wala Ekegusii. Uso wa mama ulikuwa na joto la mtu aliye hai. Utomvu mweusi ulionekana kwenye kucha zake.

Laptopu ilikuwa ikitia umanjano katika kila kitu, naye miaka yote akitia ubuluu kuupoza.

Nyanchoka akasogea mpaka pumzi yake ikagusa kioo. "Huyo ni mimi," akasema, kwa sauti ya kanisani.

"Dada Janki, skrini hii ni pesa ngapi?" Eucabeth akauliza.

Ilimeza karibu nusu ya pesa zao. Ingebidi achukue kadi ya wastani.

"Video hazitachelewa?" mama akauliza.

"Zitachelewa. Lakini hakuna atakayeonekana mgonjwa."

Mama akampa simu yake bila kuondoa macho kwenye picha. "Lipa skrini kwanza," akasema. "Na mwambie Janki asiizime bado."