Beseni Juu ya Boneti

Mume wangu aliligeuza gari letu kuwa la mbio nikiwa ndani ya arobaini, na hiyo ndiyo sababu pekee alifaulu. Ningekuwa na ruhusa ya kuvuka kizingiti, lile gari lingekuwa na salensa yake mpaka leo.

Kwetu Garissa mwanamke akijifungua anakaa ndani siku arobaini. Analishwa nyama na samli hadi shingo inapotea, anafukizwa ubani asubuhi na jioni, na kazi yake ni kunyonyesha na kupokea wanawake wanaokuja kumwambia mtoto amefanana na upande wa baba. Siku ya arobaini anapakwa hina, anavishwa nguo mpya, anatoka. Mimi nilishapanga natoka kwenda wapi. Mama yangu yuko Ijara, goti lake halimruhusu safari, na huyu alikuwa mjukuu wake wa kwanza. Alimpa dereva wa lori beseni jekundu la plastiki aniletee, pamoja na maneno: mwoshee mtoto humu, na arobaini ikiisha uje nalo, nimwoshe mimi. Sikutaka kitu kingine duniani. Nilitaka mama yangu amwoshe mwanangu.

Mume wangu naye alikuwa na lake. Mara ya mwisho tulipokwenda Ijara, nikiwa na tumbo, tulikaa nyuma ya lori kutoka asubuhi hadi adhuhuri. Barabara ile ni mchanga mtupu, na aliye nyuma anakula vumbi la aliye mbele. Tulishuka weupe kama watu waliolala kwenye ghala la unga. Mama alinitazama, akamtazama yeye, akamwambia, "Mimi nilikuozesha binti mweusi."

Neno hilo lilimwingia. Tangu hapo alikuwa akirudia, hata chakula kikiwa mdomoni, kwamba safari ijayo hakuna atakayetutangulia.

Gari lenyewe lilikuwa dogo, la milango minne, alilinunua kwenye mnada likiwa tayari limechoka. Yeye ni karani wa ofisi, hajui kitu kuhusu injini. Akamtafuta rafiki yake, fundi wa kuchomelea mageti. Huyo bwana ujuzi wake wote wa magari ya mbio ulitokana na kusimama kando ya barabara siku moja, magari ya mashindano yakapita. Hata hakuyaona vizuri. Kulikuwa na vumbi.

Walianza na salensa. Fundi aliikata, akaitupa uani, akasema injini ni kama mtu, ikizibwa pua haikimbii. Walipowasha, kuku wa jirani walipanda ukuta na mwanangu akaruka kifuani mwangu kama samaki. Nikaita kupitia dirisha, nikaita tena. Hakuna aliyesikia. Kuanzia siku hiyo hakuna neno langu lililomfikia yule mwanamume injini ikiwaka, na injini iliwaka kila alipotoka kazini mpaka magharibi.

Nikamlalamikia mama mkwe, aliyekuwa akinipikia.

"Muache," akasema, huku akinijazia bakuli. "Mwanamume akiwa chini ya gari, angalau unajua yuko wapi. Kula."

Kisha vyombo vyangu vikaanza kuhama. Kwanza chujio la chai. Chai ikaja na majani, nikadhani mama mkwe amezeeka macho. Kumbe wametoa kile kisanduku cha kusafishia hewa kinachokaa juu ya injini, wakasema kinaibana, na mahali pake wakafunga chujio langu kwa waya. Mume wangu alinieleza kwa fahari, amesimama mlangoni, mikono myeusi hadi viwiko.

"Sasa inavuta hewa moja kwa moja."

"Na vumbi?"

"Vumbi liko nyuma ya gari, si mbele. Sisi tutakuwa mbele."

Nilisoma sekondari mpaka kidato cha nne, na fizikia niliipita. Nilitaka kumwambia kitu kuhusu hewa ya Garissa. Fundi akapiga honi, mume wangu akakimbia.

Halafu nikakosa beseni.

Nilimwosha mtoto asubuhi, mama mkwe akalianika nje. Jioni halikuwepo. Nikauliza, mama mkwe akatazama dari. Nikauliza tena, akasema, "Litarudi, linapimwa tu." Nikasikia harufu ya plastiki inayoungua ikiingia dirishani, na sauti ya fundi akisema, "Shika vizuri, waryaa, we bwana, usiupinde mdomo."

Hapo nilifika mpaka kizingiti. Mguu mmoja ulikuwa hewani. Mama mkwe akanishika gauni kwa nyuma, akasema arobaini haijaisha na mashetani wa mlangoni wanapenda mwanamke mwenye hasira. Nikamwambia mashetani wako uani, wawili, mmoja nimezaa naye. Alicheka mpaka akakaa chini, lakini gauni hakuliachia.

Wageni wangu ndio walionipa habari ya kweli ya mjini. Majambazi walikuwa wamesimamisha magari upande wa kusini, na sasa serikali imeamua hakuna gari linalokwenda Ijara peke yake. Yote yakutane kwenye kizuizi cha barabarani asubuhi, yaende kwa msafara, polisi mbele na polisi nyuma, mwendo wa lori. Kila mwanamke aliyeingia aliisema. Watoto waliijua. Mimi nilimwambia mume wangu kupitia dirisha, kwa sauti yote ya samli niliyokula. Alinipungia mkono, akakanyaga mafuta. Usiku nilimwambia tena akiwa amelala na spana kifuani, akajibu, "Mbele, mama, mbele."

Siku ya arobaini ikafika. Wanawake wakanipaka hina, wakanivisha gauni jepesi la manjano na shali ya hariri, wakanifukiza mpaka nikanukia kama duka. Nikavuka kizingiti na mtoto mikononi, wakapiga vigelegele. Ndipo nikaliona gari.

Boneti ilikuwa na tundu. Juu ya tundu, limefungwa kwa waya, lilikuwa beseni langu, limefunikwa kifudifudi, limekatwa ukingo upande wa mbele likawa na mdomo mpana unaotazama barabara. Gari zima lilikuwa limeshuka karibu na ardhi kama mbwa anayenyemelea, kwa sababu walikata springi pia. Vigelegele vikaisha vyenyewe.

Nikafungua mlango wangu. Ndani hapakuwa na kiti.

"Kiti kiko wapi?"

"Tumepunguza uzito," akasema mume wangu. "Gari jepesi linaruka. Viti vyote vimetoka isipokuwa cha dereva. Na gurudumu la akiba, na jeki, na mkebe wa spana."

"Mimi nikae wapi?"

Alitazama mkeka uliokunjwa pale sakafuni, kisha akanitazama mimi, na nikaona kwamba katika mahesabu yao yote ya uzito, kitu pekee ambacho hawakukikumbuka ni mtu ambaye safari ilikuwa yake. Fundi alikuja karibu kwa heshima, kofia mkononi.

"Abaayo, dada yangu, samahani. Sasa hivi una kilo ngapi?"

Sitaandika nilichomjibu. Mama mkwe aliziba masikio ya mtoto.

Nikakaa kwenye mkeka. Nilikuwa nakwenda kwa mama yangu, ningekaa hata kwenye msumari. Gari likakwaruza chini mpaka kizuizini, na pale mume wangu akaona magari yamepangwa foleni, malori na pikapu, na afisa wa polisi anapita akiyahesabu.

"Kuna nini?" akamuuliza.

"Msafara. Huna habari?"

"Tangu lini?"

"Mwezi sasa." Afisa akainama, akatazama beseni, akanitupia jicho mimi, nilivyokaa chini na hariri yangu. "Mzee, hii ni gari ama ni bafu? Ingia nyuma ya lori la unga. Ukipita mtu, nakurudisha."

Mume wangu aligeuka akanitazama. Injini ilikuwa ikinguruma, kwa hiyo sikusema kitu. Nilitumia macho.

Tukaondoka. Lori la unga lilikwenda kama ng'ombe anayetoka kunywa maji, na nyuma yake lilining'iniza vumbi zito lisilo na mwisho. Lile beseni lilikuwa limekatwa kwa ustadi, hilo nakubali. Lilifanya kazi waliyolitengenezea. Kila kilichotoka chini ya lori lilikikamata, likakiingiza kwenye chujio la chai, na chujio la chai likakiruhusu kipite. Vilivyobaki viliingia kupitia sakafu, walikotoa zulia. Nilimfunika mtoto kwa shali nikainama juu yake. Yeye alilala. Alishazoea ngurumo tangu azaliwe.

Alipoamka ndipo nilipojua injini imenyamaza. Ilikuwa imekohoa mara kadhaa, ikatoa mlio wa mtu anayesaga mchanga kwa meno, ikafa. Kwa mara ya kwanza tangu nijifungue, mume wangu angeweza kunisikia.

"Nilikwambia kuna msafara."

"Nilisikia 'usafi'," akasema kwa sauti ndogo. "Nilidhani unataka nioge."

Polisi wa nyuma wakaja, wakasema msafara haungoji mtu. Nikashuka. Nikasimama katikati ya barabara ya Ijara, mtoto begani, hina imegeuka rangi ya majivu, nikamwambia dereva wa lori la unga kwamba mama yangu ananingoja na kwamba sirudi Garissa hata kwa bunduki. Alikuwa mzee mpole. Akamwondoa utingo wake pale mbele, akanifungulia mlango, na ndani kulikuwa na kiti. Kiti cha kweli, chenye sponji. Nilikaribia kulia.

Kabla ya kupanda nilirudi kwenye gari, nikalishika beseni kwa mikono miwili, nikaling'oa na waya zake.

"Abaayo, polepole," akasema mume wangu. "Nitafunga nini pale?"

"Funga mdomo."

Wakalifunga gari kamba nyuma ya lori. Hivyo ndivyo gari lenye kasi kuliko yote mjini lilivyoingia Ijara, linavutwa, na mwenyewe ameshika usukani ndani ya vumbi la unga na la barabara, madirisha wazi kwa sababu vioo navyo walivitoa kupunguza uzito. Aliposhuka, watoto walikimbia. Mama alitoka na fimbo yake, akamtazama.

"Na wewe," akamwambia, "mamako alikuzaa mweusi."

Kisha akanigeukia. "Hooyo, mwanangu, nipe mjukuu wangu. Beseni liko wapi?"

Nilimpa. Aliligeuza, akapitisha kidole kwenye ukingo uliokatwa, akauliza nani amelifanya hivi. Nilimnyooshea kidole aliyelifanya. Mama alichimba shimo dogo mchangani kwa ncha ya fimbo, akalilaza beseni humo, mdomo uliokatwa ukiwa juu na upande mzima ukiwa chini, akamimina maji. Yalifika nusu, yakatulia. Akakaa kwenye kigoda, goti lake amelinyoosha, akamshusha mwanangu taratibu ndani ya ile nusu iliyobaki.

Kulikuwa kimya kabisa. Mtoto akaanza kulia, akakataa kunyamaza, mama akamwimbia, akakataa.

"Anataka nini huyu?" mama akauliza.

Nikamwita mume wangu. Nikamwambia aje achuchumae hapa, karibu na beseni, angurume. Aliniangalia aone kama natania. Sikuwa natania. Akachuchumaa, mweupe kutoka utosini hadi vidoleni, akanguruma mpaka mama yangu alipomaliza kumwosha mwanangu, hata nyuma ya masikio.