Mikorosho ya Mpangaji

Enzi zetu pale Nachingwea, baiskeli ilikodiwa na nyumba ilipangwa, na kila mtoto alijua mpangaji ni nani. Sisi tulitokea kijijini Nandagala, ambako mgeni alipewa kitanda na hakuna aliyetaja kodi. Mashamba makubwa ya karanga yalipoanza, watu wakamiminika kutafuta kazi, na baba akajenga vyumba viwili vya udongo nyuma ya nyumba yetu. Mama alitueleza mara moja tu: "Mpangaji ana chumba chake. Uani apike, afue, aanike. Ila mti wa kudumu hapandi."

Kwetu mti ulikuwa hati. Aliyepanda mkorosho alisema ardhi ni yake, na wazee walimsikiliza.

Mpangaji wetu wa kwanza alikuwa Athumani, dereva wa trekta kutoka bara, pamoja na mkewe mjamzito na binti yao Zuhura. Mimi na Zuhura tulikuwa chanda na pete. Tulicheza rede, tukikwepa mpira hadi vumbi likatuingia masikioni, tukala ugali wa muhogo na mbaazi sahani moja, na mama yake akatusuka kwa zamu. Ninyi wajukuu mnaocheza kwa vidole gumba, rede ilitaka kiuno!

Alasiri moja baba alirudi kutoka shambani akakuta miche mitatu ya mikorosho imepandwa nyuma ya jiko. Majirani walishaiona. "Kiwanja kimekwenda hicho," mmoja akasema, bila hata kushusha sauti. Baba akamwita Athumani mbele yao.

"Ng'oa. Kisha ufunge mizigo."

Nililia kwa sauti. Zuhura alinishika kanga hadi ikapasuka.

"Mzee, kwetu tukikaa vizuri na mtu tunampandia mti," Athumani alisema. "Ni yako hiyo. Mimi sikujua."

Akapiga magoti, akaing'oa mmoja mmoja, taratibu, asikate mizizi. Baba akaitazama ile mizizi mizima. Mwishowe akavua shati, akachukua mche wa kwanza mikononi mwa Athumani, akaupanda mwenyewe katika shimo lilelile. Wa pili vivyo hivyo, na wa tatu.

"Sasa mmeona nani kapanda," akawaambia majirani. "Mama Zuhura, mizigo iache ndani."

Mtoto alizaliwa katika chumba kile, akapewa jina la baba yangu.

Juzi mjukuu wangu alikuja kutoka Dar kunisalimia. Amepanga huko mwaka wa nne sasa, na ana mkataba wenye mihuri, hakuna neno lililosahauliwa. Nampongeza, mambo yake yamenyooka kuliko yetu. Nikamuuliza mwenye nyumba anaitwa nani. Akafikiri kidogo, akacheka, akasema, "Bibi, sijawahi kumwona."