Akala za Mzee Nyamawi

Nakumbuka siku moja ambayo njiani tulikuwa wanne tu: mimi, mdogo wangu Hamisi, kitinda mimba wetu Mejumaa, na Mzee Nyamawi, mrina asali, ambaye nilimhesabu mwizi tangu asubuhi hadi alasiri.

Mwanangu, umeniambia unataka kuyarudia matembezi ya vilimani baada ya miaka mingi ya kukaa. Vyema. Nami niliwahi kuyarudia, miaka ya tisini ikielekea ukingoni. Keti nikusimulie.

Baba alipokuwa hai, kila Idi pili alitutembeza kutoka nyumbani Kwale hadi kwenye jiwe moja kubwa upande wa Golini. Tukaketi juu yake, tukila mihogo ya kuchemsha na kuitazama bahari ya Diani kwa mbali, kisha tukarudi kabla jua halijapinda sana. Baba akafa, mama akamfuata. Mimi mkubwa nikaacha shule, nikaenda Diani kufua mashuka ya hoteli. Mama aliniachia neno moja: "Hawa wawili wamo mikononi mwako." Miaka saba sikupanda kilima.

Siku niliyoamua kuwapeleka tena wadogo zangu kwenye jiwe la baba, nilitoa sandukuni viatu vya ngozi alivyoniachia mgeni mmoja wa hoteli. Vilikuwa vimelala humo tangu mwaka wa msiba. Ving'avu, vizito. Nikajiona bingwa.

Ulikuwa wakati wa kutiliana shaka, mwanangu. Fujo zilikuwa zimepita kwetu, watu walikimbia makwao, na mtu akikusalimu ulijiuliza kwanza anataka nini. Basi kwenye nyumba ya mwisho kabla ya msitu tukamkuta mzee akichonga mzinga wa nyuki.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, wanangu. Mwaenda wapi? Nyinyi watatu tu? Mtarudi saa ngapi?"

Maswali matatu kwa pumzi moja! Mbona ahitaji kujua idadi yetu? Nikamjibu, "Twaenda kwa shangazi yetu bondeni. Tutalala huko."

"Basi shikeni njia ya kushoto, ni kavu." Kisha akavitazama viatu vyangu. "Vizuri hivyo. Lakini vimelala sana."

Nikajua kavitamani. Tulipompita, Mejumaa akauliza, "Shangazi gani huyo, dada? Amezaliwa leo?" Nikamfinya.

Mbele kidogo njia iligawanyika. Ile ya kulia, ya kwenda kwenye jiwe, ilikuwa imelaziwa tawi bichi.

"Dada, tawi hili halikuanguka," Hamisi akasema. "Limewekwa."

"Na aliyeliweka humjui? Atutaka tupite kushoto, wenzake watungojee huko."

Nikalibeba tawi kwa mikono yangu, nikalitupa kichakani. Na baba alikuwa amenifundisha: tawi likilazwa njiani, njia imefungwa, rudi. Nilikuwa nalijua hilo. Shaka ilikuwa imenijaa hadi sikuwa na pa kuweka jambo jingine.

Haikupita nusu saa, pumzi zikaniishia. Hamisi akacheka, "Bingwa, tukubebe?" Kisha soli ya kiatu cha kushoto ikabanduka nzima, gundi imekauka kama unga. Nikaiacha hapo nikaendelea kuchechemea. Cha kulia nacho kikafungua kinywa. Tulipofika kwenye mteremko, njia haikuwapo. Mvua zilikuwa zimeimega, umebaki udongo mtupu. Kabla sijasema neno, Mejumaa aliyetangulia akateleza na kuporomoka hadi chini.

Wahenga walisema asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Siku ile asiyesikia nilikuwa mimi, na guu lililoteguka lilikuwa la mdogo wangu.

"Tupige kelele, watu watusikie," Hamisi akasema.

"Nyamaza! Atakuja yule mzee atukute hivi?"

Tulimshukia kwa makalio, na kupanda tena kukatushinda. Tukakaa. Maji yakaisha. Mejumaa alikuwa akilia, kisha akaacha kulia. Neno la mama likanirudia. Hata hivyo sikumruhusu Hamisi aite.

Adhuhuri ilikuwa imeshapita tuliposikia majani yakichakacha. Akatokea Mzee Nyamawi na panga na kamba. Nikaokota jiwe. Akaliona, akasimama, akanyanyua soli yangu aliyoiokota njiani.

"Ulimi huu ni wa kiatu cha nani?"

Hamisi akacheka, na mimi jiwe likanitoka mkononi.

Alifunga mguu wa Mejumaa kwa kipande cha kanga yangu, akatupandisha kwa kamba, Hamisi akambeba Mejumaa. Aliponiona navuja damu nyayoni, akavua akala zake, zile za mpira wa gurudumu, akaniwekea miguuni, akatembea peku. Tulipofika kwenye njia panda aliniamuru nikatafute lile tawi nililaze lilipokuwa. Ndipo akasema.

"Binti yangu, ungesema mwaenda kwenye jiwe, ningekwambia njia imemegeka. Nimewafuata kwa kuwa tawi nililolilaza halikuwapo. Mimi siulizi ili nikuvizie. Nauliza ili nijue pa kukutafuta."

Nikalilaza tawi kwa mikono ileile iliyolitupa.

Majuma mawili baadaye nilikwenda kumrudishia akala zake. Nyumba ilikuwa imefungwa. Majirani wakasema amehamia kwa bintiye, upande wa Kinango. Kinango wapi? Wakatazamana. "Wewe wamtakia nini?" Nikaeleza yote, kweli tupu. Hawakuniamini. Nikaondoka na akala mkononi, nimeonjeshwa chakula nilichokipika.

Basi mwanangu, anza na kilima kifupi. Miguu nayo husahau. Viatu vilivyolala vivae wiki nzima nyumbani kabla hujavitegemea. Tawi lililolazwa usiliruke. Na kwenye nyumba ya mwisho simama, salimu, useme kweli uendako na saa ya kurudi. Kuwa na hadhari, lakini mtu usimhukumu kwa swali lake.

Mola akupe miguu mizima, na kila njia yako akuwekee mtu wa kukuuliza. Na ukipita Kinango, ulizia wajukuu wa Nyamawi mrina asali. Yeye mwenyewe nadhani hayupo tena. Waambie akala zake zimetundikwa ukutani kwangu, nazipaka mafuta kila Idi, na bado sijazirudisha.