Ruksa Alipokataa Pumba

Ugali wa pumba una harufu yake. Ukianza kutokota hutoa mvuke mzito wenye uchachu kidogo, na vichwa vya dagaa vikitumbukizwa humo, mtaa mzima unajua kuna mbwa anapikiwa. Nyumbani kwetu Majengo, Songea, harufu hiyo ndiyo iliyokuwa saa yangu ya jioni. Nikiisikia najua zamu yangu imefika: kuupoza ugali kwenye sufuria kuukuu, kumwita Ruksa, na kusimama hapo mpaka amalize, maana kuku wetu hawakuwa na adabu. Ruksa alikuwa mbwa mchanga wa miezi minne hivi, mwekundu, tumbo mbele kama mheshimiwa. Jina alipewa na baba. Miaka ile kila kitu kilikuwa kimefunguliwa: mitumba ruksa, mtu binafsi kununua mahindi ya mkulima ruksa, kugeuza sebule yako duka ruksa. Baba akasema basi na huyu naye aitwe hivyo hivyo. Ulaji wake ulilifaa jina. Alikuwa akilamba sufuria mpaka inasogea yenyewe uani, nami nacheka hadi mama ananikaripia.

Mvua za kwanza zilikuwa zimeanza kunyesha, na jioni moja Ruksa alinusa ugali wake, akarudi nyuma hatua mbili, akakaa. Nilimwambia aache maringo. Akanitazama tu. Kesho yake ikawa vilevile. Siku ya tatu nilimwongezea dagaa kwa siri, wakiwa wazima na macho yao. Akadokoa mmoja wa juu, akamtema, akaenda kulala chini ya banda la nguruwe. Mbavu zilianza kuonekana. Nilikuwa na miaka tisa na nilimpenda mbwa yule kuliko nilivyowapenda baadhi ya ndugu zangu, sioni aibu kulisema. Nililia nikamwambia mama kwamba Ruksa anakufa.

Mama hakumtazama mbwa. Alitazama milango ya wapangaji. "Mbwa hakatai chakula bure," alisema. "Ameona kitu." Kwetu watu wazima waliamini kuwa mbwa huona yasiyoonekana na binadamu, na mama, pamoja na rozari yake na Misa ya kila Jumapili, hakuwa tofauti nao. Tena wiki hiyohiyo matumbo yalikuwa yakitusokota sisi wote. Mwanzoni tulisingizia mapera mabichi. Ruksa aliposusa, hakuna aliyetaja mapera tena. Mama alianza kufunika mtungi wa maji kwa sahani na kuweka jiwe juu yake. Alipika mlango wa jiko ukiwa umefungwa, moshi ukimtoa machozi. Majirani walipokuja kumsalimu aliitikia vizuri kabisa, huku macho yake yakiwa mikononi mwao. Nasi watoto tukajifunza haraka. Nilianza kunusa uji wangu kabla ya kunywa.

Mpangaji wetu mmoja alikuwa Mama Shani, mwanamke kijana wa Kiyao kutoka Namasakata, upande wa Tunduru, mwenye mtoto wa kunyonya. Mumewe alikuwa Mbinga akihangaika na biashara ya kahawa, na yeye alitandika mitumba yake kwenye turubai karibu na soko. Alikuwa mpole, mchache wa maneno. Alikuwa Mwislamu, na Ruksa akimkimbilia alikuwa akiinua khanga na kurudi nyuma. Hilo mama alilikumbuka sasa. "Tangu aje hapa hajawahi kumpenda yule mbwa," alimwambia baba. "Kikulacho ki nguoni mwako." Mimi niliyesikia nikaanza kumchunga Mama Shani kama askari.

Haikupita siku mbili nikamwona. Alikuwa amechutama nyuma ya chumba chake na sufuria yake ndogo ya uji wa mtoto. Akaimiminia maji, akaizungusha, akayamwaga. Akarudia. Midomo yake ilikuwa ikihesabu. Kisha akachota udongo mkavu chini ya upenu, akausugulia ndani ya sufuria ileile ya chakula, akaosha tena. Nilihesabu mara saba. Nani anaosha chombo kwa udongo, tena kwa hesabu? Mama yangu akiosha vyombo alikuwa akiimba nyimbo za kwaya na hahesabu chochote. Na maji yale ya mwisho aliyamwaga hatua chache tu kutoka pale Ruksa anapopewa chakula chake. Nilikwenda mbio kwa mama nikamweleza yote, na nikaongeza kidogo. Nikasema alimwaga kwenye chombo cha Ruksa. Sijui kwa nini niliongeza. Labda kwa sababu mama alikuwa ananisikiliza kwa makini ambayo sikuyazoea.

Asubuhi yake mama alisimama mlangoni kwa Mama Shani, wapangaji wengine wakichungulia.

"Mama Shani, utafute chumba kwingine. Leo."

"Mama Agnes, nimekosa nini?"

"Wewe mwenyewe unajua."

"Sijui, mama. Niambie nijue. Mvua hii, na mtoto huyu, niende wapi?"

Mama akajibu kwamba yeye si mtu wa maneno mengi, akaondoka. Baba alikuwa amekwisha kutoka mapema, kwa kujua au kwa bahati. Mama Shani alifunga godoro lake kwenye baiskeli ya kukodi, akalifunika kwa lile turubai la mitumba, akamfunga mtoto mgongoni, akateremka njia ya Bombambili. Mvua ilimkuta kabla hajafika kwenye kona. Mtoto alibaki bila kifuniko, kwa sababu turubai lilikuwa moja. Nilisimama barazani nimemkumbatia Ruksa nikijiona nimemwokoa.

Jioni nikampikia mwenyewe, nikamwita kwa furaha. Akanusa, akarudi nyuma, akakaa.

Nadhani mama alielewa hapohapo kwamba kuna jambo haliendi sawa. Siku ya tatu tangu Mama Shani aondoke, nguruwe wetu mdogo alianza kutetemeka, akatoa povu, akafa, na wa pili akawa hasimami. Nao walikuwa wakilishwa pumba zilezile. Baba akabeba debe la pumba hadi kwa mzee aliyeendesha mashine ya kukoboa. Mzee alichota kiganjani, akanusa, akauliza, "Baba Agnes, mahindi haya uliyatia dawa gani?" Ikabidi baba aseme. Zamani mahindi yetu yaliuzwa yote mapema kwa chama cha ushirika. Mwaka ule wanunuzi binafsi walichelewa, magunia yakakaa ndani, wadudu wa dumuzi wakaingia. Baba akanunua dawa ya unga kwenye duka jipya, imefungwa kwenye kipande cha gazeti, na kwa kuwa hakuna aliyemwambia kipimo, aliinyunyizia kwa kopo, mara mbili, akiamini dawa kidogo haiui. Mashine ikikoboa, sembe nyeupe inakuja kwetu na chembe ndogo za sumu. Maganda, yaliyobeba dawa karibu yote, yanakwenda kwa wanyama. Tulimwaga pumba shimoni. Ruksa akapikiwa viazi, akala.

Sasa ungetegemea mtu aende Bombambili kumwomba radhi Mama Shani. Hakuna aliyekwenda. Baba alisema tukienda tutaonekana wajinga mjini, na mama akasema yale maji ya udongo bado hajayaelewa. Miaka sita baadaye, nikiwa sekondari ya bweni, mbwa wa mlinzi alilamba sahani ya rafiki yangu Mwislamu, naye akaiosha mara saba, moja kwa udongo, kama dini yake inavyomtaka. Ndipo nilipoielewa ile sufuria ya uji.

Leo dawa ya mahindi inauzwa Songea ikiwa kwenye pakiti, maelekezo yameandikwa kwa Kiswahili, na mimi ni muuguzi ninayewasomea wengine maelekezo hayo. Mwaka jana kazi ya chanjo ilinifikisha Namasakata, nikamuulizia. Nilimkuta ameketi mkekani akibangua korosho, amezeeka vizuri, na Shani ana watoto wake. Nilimwamkia shikamoo, nikamwambia mimi ni nani, nikamwambia pia kwamba ni mimi niliyesema, na kwamba niliongeza.

"Najua, mwanangu," alisema. "Mtoto husema. Mimi sikukungoja wewe. Nilikaa Bombambili mwaka mzima nikimngoja mama yako aje aniulize tu, Mama Shani, ulikuwa unafanya nini na ile sufuria?"

Mama alikwisha kufariki. Nimepita umri aliokuwa nao asubuhi ile mlangoni, na nimesoma kumzidi. Mwezi uliotangulia safari hiyo, mimi mwenyewe, katika nyumba yangu, nilikuwa nimemwambia mpangaji wangu atafute chumba kwingine, kwa jambo nililosimuliwa na jirani. Sikuwa nimemuuliza chochote.